Daftari la Samaki

Mimi ni mvuvi wa ndoana, tena wa Jumamosi tu. Kwetu ni Ikutha, na kufika Mto Athi ni mwendo wa kutoka jasho.

Mwaka jana mwalimu wa Biolojia alitueleza kuhusu iNaturalist, mtandao ulioanzishwa Marekani mwaka wa 2008. Mtu yeyote hupiga picha ya kiumbe, akataja mahali na tarehe, na wajuzi wakamsaidia kukitambua. Basi nikaanza daftari. Kambare mmoja, sharubu nane, sentimita 41. Tilapia watatu. "Leo sikupata kitu." Picha mwalimu huziweka kwa simu yake.

Babu alipolisoma alicheka. "Na mkunga yuko wapi?" Enzi zake, alisema, walimvua sana, samaki mrefu kama nyoka, hata wengine wakimtoroka! Mkunga huzaliwa baharini, akapanda Sabaki mpaka huku kwetu, maana Sabaki na Athi ni mto mmoja.

Wacha niseme ukweli. Usiku ule niliandika, "Mkunga 1, sentimita 80." Nilitaka babu afurahi. Jumatatu mwalimu akauliza, "Picha je?" Nikanyamaza kama maji mtungini. Hakunichapa. Alinipa kalamu nyekundu, nikayakata maneno yale mwenyewe, darasa zima likitazama.

Siku hizi babu huja nami mtoni. Alinionyesha shimo chini ya mwamba alikokuwa akimvua. Tumetega mara tisa. Mara tisa nimeandika: mkunga, hakuna.