Kicheko Kifunzacho

Wako wasemao kuwa hadithi za majini hupoteza wakati wa watoto. Sisi tuliokulia Mwanza, nyumbani tukisema Kisukuma, twakataa. Kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya shuleni na ofisini tu, hata tulipokisoma kitabu cha Shaaban Robert, Adili na Nduguze, kilichotolewa mwaka 1952. Tuliwacheka Hasidi na Mwivu waliogeuzwa manyani kwa uovu wao. Lakini Adili alipolazimishwa kuwapiga kila usiku nduguze awapendao, kicheko kilikoma, huruma ikatushika. Hapo Kiswahili kikawa lugha ya mioyo yetu pia. Basi watoto wa kandokando ya Ziwa Viktoria wasinyimwe vitabu vya kuchekesha: lugha ya taifa hupendwa kwanza, ndipo hutumikiwa.