Kitalia Leo Usiku?

Mwishoni mwa miaka ya 1980, nilipoanza kujifunza kazi kwa mzee mmoja fundi redio pale Kariakoo, wanamuziki walikuja na swali moja tu: "Fundi, kitalia leo usiku?" Hakuna aliyeuliza kama kinanda kitadumu. Kililetwa mchana, kimeviringishwa kwenye khanga, na usiku uleule kilitakiwa kiwe jukwaani.

Vingi vilikuwa vya Kijapani. Kilichotamaniwa zaidi ni Yamaha DX7, kilichotoka mwaka 1983, ambacho sauti zake hutengenezwa kwa hesabu, mbinu aliyoigundua John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani. Sisi hesabu hizo hazikutuhusu. Ubovu uliotufikia ulikuwa karibu kila mara kwenye pawa saplai, sehemu ambayo mpigaji haioni wala haitaji jina. Transfoma hushusha umeme wa ukutani, dayodi nne huulazimisha uende upande mmoja, kapasita kubwa huulainisha, kisha regyuleta huupima: volti 5 kwa saketi za kidijitali, na volti za juu zaidi, chanya na hasi, kwa saketi za sauti. Mzee alinifundisha kusoma regyuleta kabla hajaniruhusu kushika pasi ya kulehemu. Iliyoandikwa 7805 ni ya volti 5 chanya, 7915 ni ya volti 15 hasi. Ukizichanganya, moshi utakufahamisha.

Osiloskopu hatukuwa nayo. Tulikuwa na mita moja na wapiga gitaa wengi. Kinanda kikivuma, mzee alimwomba mmoja wao agonge waya mnene kuliko zote kwenye freti ya tatu. Hiyo ni noti ya G, mitetemo 98 kwa sekunde. Umeme wetu ni wa mitetemo 50, na ukishapita kwenye dayodi zile nne unakuwa na mawimbi 100. Kwa hiyo mvumo ukikaribiana na ile G, kapasita ya kulainisha umeme imechoka. Mvumo ukiwa oktavu moja chini, yaani 50, tuliangalia kama dayodi imekata, au kama waya wa ardhi una hitilafu. Nilidhani ni mizaha ya wazee, mpaka nilipoona jinsi ilivyokuwa inapatia.

Adui wa siku zile alitoka nje ya kinanda. Umeme uliokatika ulirudi kwa kishindo na kuondoka na fyuzi, na wapo walioziba pengo la fyuzi kwa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Ukumbini, friji za bia zilipoanza kuunguruma, umeme ulishuka. Regyuleta ya volti 5 inahitaji kuingiziwa angalau volti 7, ikipata pungufu ya hapo kinanda kinajizima na kujiwasha katikati ya wimbo. Kisha kulikuwa na mitumba iliyotoka Japani kwenyewe, ambako umeme ni volti 100. Kikichomekwa kwenye volti 230, transfoma ilikuwa ya kwanza kufa. Tuliipeleka kwa mafundi wa kusuka mota, wakaisuka upya upande wa kuingizia umeme kwa waya mwembamba zaidi, mizunguko mara mbili na ushee. Kapasita tulichomoa kwenye televisheni mbovu. Ikizidi ukubwa, tuliifunga kwa uzi pembeni mwa bodi, maisha yakaendelea.

Miaka ya 1990 taarab ya kisasa iliposhika kasi, kinanda kikachukua nafasi ya kodiani na fidla, na vinanda vyepesi vya adapta vikajaa madukani. Transfoma ikahamia nje, na ubovu nao ukahama. Casio vingi vya wakati ule vilitaka volti 9, hasi ikiwa katikati ya pini, na Yamaha vilitaka volti 12, chanya ikiwa katikati. Pini zilifanana vya kutosha kumdanganya mtu mwenye haraka. Mara nyingi dawa ilikuwa adapta mpya, na vile vizito vya zamani vikasukumwa mvunguni.

Siku hizi wanaovitoa mvunguni ni watoto na wajukuu wa waliovipiga, na swali lao ni jingine: "Mzee, kitadumu?" Adui sasa yumo ndani. Majimaji ya ndani ya kapasita hukauka kwa miaka, na joto huyaharakisha. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wa kapasita kwa nusu, na Dar es Salaam kwa joto haina mchezo.

Ndiyo maana sikiwashi kwanza, kama tulivyokuwa tukifanya. Naiachanisha pawa saplai na bodi nyingine zote, kisha naipitishia umeme kupitia balbu ya zamani ya waya iliyoungwa mfululizo. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti. Ikififia, napima kila volti nikiwa nimeibebesha mzigo wa rezista. Regyuleta ikifa vibaya hupitisha umeme wote wa juu, na chipu za DX7 hazitengenezwi tena kiwandani. Kapasita zote za kulainisha nabadilisha, hata zile zinazoonekana nzima, naweka za kuhimili nyuzi 105. Betri ndogo ya volti 3 inayotunza sauti ndani ya kumbukumbu nayo naitoa.

Wapo wanaolalamika kwamba nawaharibia uhalisi wa kinanda. Nawarudishia kapasita zao kwenye mfuko, waziweke kabatini. Uhalisi wa kinanda ni sauti yake, na sauti haitoki kwenye umeme mchafu.

Nao wanataka risiti na dhamana. Natoa, na chini kabisa naandika kwamba dhamana haihusu kinanda kitakachochomekwa bila stebilaiza. Wale wanamuziki wa zamani wangecheka sana. Hawakuwahi kupewa dhamana ya chochote, si ya kinanda, si ya umeme, si ya malipo ya mlangoni, na wakapiga mpaka alfajiri.