Chumba cha Mita Tatu

Jumamosi, 5 Oktoba 2024. Kariobangi Kusini

Mpwa wangu amekuja dukani na daftari lake la fizikia. Mtihani wa kidato cha nne umekaribia. Mawimbi ya sumakuumeme ameyakariri yote, kuanzia redio mpaka gama, na hakosei hata moja. Kisha akaniuliza, "Mjomba, lakini maana yake ni nini?"

Miaka 22 nimetengeneza redio na televisheni, na sikuwa na jibu. Mkononi nilikuwa na remoti ya mteja. Nikaielekeza kwenye kamera ya simu, ile ya mbele, maana ya nyuma mara nyingi huwa na kichujio. Nikabonyeza. Kwenye kioo cha simu kukamulika kinukta cha zambarau. Kwa macho matupu, giza. Ndivyo sisi mafundi tunavyojua remoti ni nzima. Mpwa wangu aliibonyeza na kuibonyeza mpaka mteja mwenyewe akaja kuichukua.

Jumapili, 6 Oktoba

Usingizi haukunijia, nikaamka kupiga hesabu. Mwanga hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo ukigawanya 300 kwa megahezi, unapata urefu wa wimbi kwa mita. Koch FM iko 99.9: mita 3. Nikachukua futi kamba nikapima chumba changu, cha futi 10 kwa 10 kama vyumba vingi vya ploti za huku. Mita 3 na sentimita 5! Wimbi moja la redio ya Korogocho linaenea ukuta hadi ukuta.

Waifai ya jirani ni sentimita 12 na nusu. Wimbi la remoti halifiki hata sehemu moja kwa elfu ya milimita. Wekundu ninaouona ni sehemu 7 kwa 10,000 za milimita, urujuani ni 4, na hapo katikati ndipo kulipo kuona kwetu kote. Kitu chenyewe ni kimoja: umeme ukizaa sumaku, sumaku ikizaa umeme, kwa mwendo ule ule. Hutofautiana urefu tu. Hilo ndilo nitakalomwambia.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimemwambia. Akauliza mbona basi mawimbi hayagongani humu chumbani. Nikamwambia hewa nayo imekatwa ploti. 99.9 ilipewa redio za mitaa: huku ni Koch, iliyoanza 2006 ndani ya kontena, ukienda Kibera, namba hiyo hiyo ni Pamoja FM. Mitambo yao ni ya nguvu ndogo, haivuki mji.

Nikakumbuka Februari 2015, matangazo ya analogia yalipozimwa Nairobi. Kina mama wa Dandora waliniletea televisheni nzima kabisa wakidhani zimekufa. Sikuwatoza kitu. Mawimbi ndiyo yaliyohama, na nafasi iliyoachwa ikaja kupewa intaneti ya simu.

Alhamisi, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri. Nimeitoa bahasha ya mama, ile picha ya kifua aliyopigwa mwaka wake wa mwisho, nikaiinua dirishani. Pale eksirei zilipopenya, filamu imekuwa nyeusi. Mifupa ilipozizuia, nyeupe. Mawimbi mafupi kuliko atomu yalipita ndani ya mama yangu, na leo mwanga wa dirishani, ndugu yao, ndio unaonionyesha yalikopita.

Siku kama ya leo mwaka 1970, setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Jina lilitokana na sikukuu yetu, maana ndiyo siku ya uhuru pia. Ilikwenda kutafuta eksirei za mbinguni, ambazo hewa huzimeza kabla hazijatufikia, ikaorodhesha vyanzo 339. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Nobel mwaka 2002. Setilaiti hiyo iliporushwa, mama alikuwa msichana bado.

Mpwa wangu alikuwa ameshika upande wa pili wa filamu isijikunje. Mtihani ameshamaliza, hakuna aliyemtuma. Akaanza kuhesabu mbavu za nyanya yake kwa kidole, polepole, kutoka juu.