Leza na Macho ya Msomaji

Jicho huona kila kitu isipokuwa nafsi yake. Pengine ndiyo sababu watu wengi, na wasomi wamo, hujua habari za nyota kuliko habari za viungo viwili vinavyowaonyesha nyota hizo. Mimi nimevaa miwani tangu umri wa miaka 13, na sasa nina miaka 46. Zamani niliulizwa kwa nini naivaa. Siku hizi naulizwa kwa nini sijaivua. Wanafunzi wangu husema, "Mwalimu, leza ipo. Dakika chache tu, na miwani basi." Swali lao ni la haki, nalo lastahili jibu lililopimwa.

Kuona hutegemea kupindwa kwa mwanga. Mbele ya jicho pana kioo hai kiitwacho konea, ambacho unene wake ni kama nusu milimita, wala hakina mishipa ya damu. Nyuma yake pana lenzi, ambayo hubadili umbo lake ili tuone vya mbali na vya karibu. Kiasi cha theluthi mbili za kazi ya kupinda mwanga ni ya konea. Iliyobaki ni ya lenzi. Jicho likiwa refu kupita kadiri, mwanga hukutana kabla ya kufika kwenye retina, na mwenye jicho hilo huona vizuri vya karibu, lakini vya mbali humwia ukungu. Hiyo ndiyo hali yangu. Leza haifupishi jicho refu. Kazi yake ni kuchonga konea ili mpindo wake ulingane na urefu wa jicho.

Maarifa haya hayakuja kwa siku moja. Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza nchini Marekani mwaka 1960. Mwaka 1981 Rangaswamy Srinivasan na wenziwe, James Wynne na Samuel Blum, walijaribu aina ya leza isiyoonekana kwa macho juu ya mabaki ya nyama ya bata mzinga wa sikukuu, wakaona kwamba hukata bila kuunguza kandokando. Mwaka 1983 tabibu Stephen Trokel, pamoja na Srinivasan, alionyesha kuwa konea yaweza kuchongwa vivyo hivyo. Baadaye, Ioannis Pallikaris wa Ugiriki alianzisha njia ya kukata utando mwembamba juu ya konea, kuufunua kama jalada la kitabu, kuchonga chini yake, kisha kuurudisha mahali pake. Mgonjwa hutiwa matone ya ganzi, naye yu macho wakati wote. Kila pigo la leza huondoa kama robo ya sehemu moja ya elfu ya milimita.

Ustadi huo ni mkubwa, walakini una mipaka. Hauondoi mtoto wa jicho, wala hauzuii retina ya jicho refu kubanduka. Baadhi ya watu hupata macho makavu, au huona duara za mwanga zikizunguka taa usiku. Konea iliyo nyembamba mno, au inayochongoka mbele, haifai kuguswa, na tabibu mwaminifu humrudisha mwenye konea hiyo na miwani yake. Kilichochongwa hakirudi.

Mpaka unaonihusu zaidi ni umri. Kuanzia miaka ya arubaini lenzi hukakamaa, na leza ya konea haiilainishi. Wenzangu waliojaliwa macho mazuri ujanani sasa hushika gazeti kwa mkono ulionyooka. Mimi huvua miwani tu. Upungufu wangu ni dayopta 3, na jicho la namna hiyo, likiwa tupu, huona wazi kabisa kitu kilicho umbali wa sentimita 33, nao ndio umbali wa kitabu. Kazi yangu ni kusoma hati za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambamo nukta moja juu au chini hutenga nuni na ba, na neno likawa jingine. Nikichongwa konea zote mbili ili nione mbali, nitaiacha miwani ya barabarani na kununua miwani ya mezani. Tabibu alinieleza kuwa jicho moja laweza kusahihishwa kwa vya mbali na jingine kuachiwa vya karibu. Nikamshukuru, lakini hati zangu zataka yote mawili.

Mpwa wangu ni muuguzi wa miaka 25. Miwani yake ilikuwa ikipata mvuke kila alipovaa barakoa, na kipimo cha macho yake kilikuwa kimetulia kwa zaidi ya mwaka. Alipimwa, akafaa, akachongwa, naye sasa hufanya kazi bila usumbufu. Lenzi yake ingali laini. Miwani ya kusomea itamngoja miaka ishirini hivi. Nilimwambia aende, na nafurahi kwamba alikwenda.

Basi wanafunzi wangu nawajibu hivi: kabla ya kuuliza bei ya leza, uliza jicho lako lina umri gani na hutazama nini mchana kutwa. Mimi mbali nitapatazama kwa miwani, ili karibu niendelee kupasoma kwa macho matupu.