Vinundu vya Maharage

Mwaka mmoja hapa Bukavu tuling'oa mistari mitatu ya maharage ya wajane wa parokia, tukaichoma. Tuliona vinundu mizizini, tukadhani ni ugonjwa. Mama mmoja akashika kinundu kilichosalia, kikabanduka mara moja (uvimbe wa ugonjwa haubanduki hivyo), akakipasua kwa ukucha: ndani chekundu kama nyama.

“Mwalimu, mmechoma mbolea.”

Kweli. Humo hukaa bakteria, ambao Beijerinck wa Uholanzi aliwatenga mwaka 1888. Huchukua nitrojeni ya hewani na kuulisha mmea, nao mmea huwapa sukari. Baridi ya vilima hivi huwapunguza mwendo, lakini kazi hawaiachi.

Tuliwaomba wajane radhi. Siku hizi tukivuna twakata mashina, mizizi twaiacha udongoni.