Timu Teule katika Shule ya Msingi: Mafunzo Tuliyoyapata Somanga

Miongoni mwa kazi anazopewa mwalimu mpya mara afikapo shuleni, aghalabu mojawapo ni michezo. Mwalimu Mkuu humtazama, huona kuwa miguu yake bado ina nguvu, humkabidhi mpira na filimbi, na tangu siku hiyo yeye ndiye mwalimu wa michezo. Hakuna amwulizaye iwapo anajua kuchagua timu. Sisi nasi, tulipoanza kazi ya ualimu katika shule moja ya msingi pande za Somanga, wilayani Kilwa, tulikabidhiwa filimbi kwa namna hiyo hiyo. Hatukuulizwa, nasi hatukujiuliza. Makala hii ni kwa ajili yenu, walimu tarajali, ambao baada ya muda mfupi mtasimama pale tuliposimama sisi.

Timu teule ni timu ya wachache waliochaguliwa kutoka miongoni mwa wengi ili washindane na wachache wa mahali pengine. Hapa nchini watoto wa shule za msingi hukutana katika UMITASHUMTA, yaani Umoja wa Michezo na Taaluma kwa Shule za Msingi Tanzania. Mashindano hayo hupanda ngazi kwa ngazi: shule hukutana katika kata, walio bora wa kata huiwakilisha kata yao wilayani, wa wilaya hukusanywa kuwa timu ya mkoa, na mikoa hukutana kitaifa. Katika kila ngazi kuna mchujo, na katika kila mchujo wako watoto wanaorudi nyumbani. Mwaka 2021 mashindano ya taifa yalifanyika Mtwara, na timu za Dar es Salaam na Pwani hazikuwa na njia ya karibu kuliko ile barabara ya kusini ipitayo Somanga. Mtoto auzaye madafu kando ya barabara hiyo anajua maana ya basi lililojaa watoto wenye sare za michezo, na anajua kuwa yeye hayumo.

Wako walimu wanaosema kuwa timu teule hazifai katika shule ya msingi. Hoja zao si nyepesi. Husema kuwa timu hizo hula muda wa masomo, huwafanya watoto kumi kuwa wafalme na mia tatu kuwa watazamaji, na humfanya mwalimu kutafuta kombe badala ya kulea. Wako wengine wanaozisifu bila kipimo, kana kwamba kila mtoto apigaye chenga ni nyota wa taifa. Sisi tumekuwa katika makundi yote mawili kwa nyakati mbalimbali, na tumeona kuwa yote mawili yaliacha kutazama jambo moja, nalo ni siku yenyewe ya kuchagua.

Tueleze yaliyotupata. Miaka ile shule za msingi zilikuwa na somo la Haiba na Michezo, nasi tulilifundisha. Shule yetu ilikuwa na mpira mmoja wa netiboli na milingoti miwili ya mikoko. Taarifa ilipokuja kwamba mashindano ya kata yamekaribia, tuliamua kuchagua wasichana kumi: saba wa kucheza na watatu wa akiba. Alasiri hazikufaa, maana watoto wengi wa pwani hutoka shuleni na kwenda madrasa. Kwa hiyo tukapanga Jumamosi, saa tatu asubuhi, na tukajiona kuwa tumetumia busara kubwa. Wasichana walifika, tukawachezesha kwa muda wa saa mbili, tukaandika majina kumi, tukayabandika mlangoni pa ofisi.

Hatukujua kwamba Jumamosi ile ilikuwa siku ya bamvua. Sisi tulizaliwa bara, na mwezi kwetu ulikuwa taa ya usiku tu. Mkaaji wa pwani anajua kuwa mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukupwa mbali sana, na katika mwambao wetu hukupwa hivyo wakati wa asubuhi. Hapo mwamba huwa wazi, na kina mama hushuka na watoto wao kutafuta pweza na chaza. Siku hizo ni chache katika mwezi, na nyumba nyingi huzitegemea kwa chumvi, sabuni na daftari. Watoto waliokosekana uwanjani siku ile hawakuwa watoro. Walikuwa kazini.

Mmoja wao alikuwa msichana wa darasa la sita. Hatutamtaja jina. Katika vipindi vyetu vya michezo yeye ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote kwa kuuona mpira kabla haujafika. Jumatatu alikuja ofisini, nguo yake ya michezo ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Jumamosi hukuonekana."

"Nilikwenda mwambani na mama. Naomba nijaribiwe leo."

Tulimjibu kwamba majina yamekwisha kuandikwa na yanakwenda kwa Mratibu Elimu Kata. Maneno hayo yalikuwa kweli nusu. Majina yalikuwa yameandikwa, lakini karatasi ilikaa juu ya meza yetu hadi Jumatano. Tungeweza kuibadili kwa kalamu moja. Hatukuibadili, kwa sababu tulidhani kuwa mwalimu abadiliye neno lake hupungukiwa na heshima. Alisema, "Haya mwalimu," akaondoka. Aliendelea kuja shuleni, akamaliza darasa la saba. Lakini uwanjani hakukanyaga tena. Kipindi cha michezo kilipofika alikaa chini ya mkorosho na daftari lake, nasi tulijifanya hatumwoni.

Timu yetu ilikwenda ikafungwa. Hata hivyo msichana wetu mmoja, mpole ambaye darasani hakuwahi kunyosha mkono, alichaguliwa kuingia katika timu ya kata, akaenda wilayani Kilwa Masoko. Hakuwa amewahi kuvuka Nangurukuru, wala kulala nje ya kwao. Aliporudi alituletea swali ambalo hatukulitarajia: "Mwalimu, mbona mlingoti wetu ni mfupi?"

Tulichukua futi kamba tukapima. Pete ya netiboli hutakiwa kuwa mita 3.05 kutoka ardhini; ya kwetu ilipungua kwa zaidi ya shubiri moja. Uwanja hutakiwa kuwa na urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25, wa kwetu ulikuwa mfupi pia. Wafungaji wetu walikuwa wamejizoeza kwa miezi kulenga mahali pasipokuwa na pete. Walipofungwa katani tuliwalaumu wao kwa woga. Kumbe kosa lilikuwa la mwalimu aliyekata mti kwa kukisia.

Tokea hapo tulianza kuelewa faida ya timu teule. Kwanza, mashindano humpima mwalimu. Shule isiyotoka haijui kuwa mlingoti wake ni mfupi, na hilo halihusu netiboli peke yake. Pili, mtoto aliyetoka hurudi na kitu ambacho mwalimu hawezi kukitoa kitabuni. Msichana yule alirudi na mazoezi ya kupasiana katika pembetatu, na kanuni ya kutokaa na mpira kwa zaidi ya sekunde tatu, akawafundisha wenzake kwa mpira wa makuti. Katika Hisabati tuliwatoa darasa la sita nje, wakapima uwanja mpya kwa kamba na kupata mzingo wa mita 91.5. Yeye ndiye aliyeshika mwanzo wa kamba, na ndiye aliyesoma jibu kwa sauti. Tatu, timu hiyo huwaonyesha wadogo kwamba yako mambo ambayo bidii hufikia.

Faida hizo zote zina sharti. Mto hunywesha mashamba ikiwa mifereji iko wazi. Timu teule ambayo mlango wake ni wa siku moja, na ambayo waliochaguliwa hawarudishi kitu kwa waliobaki, huwa ni njia ya kuwaambia watoto wengi kuwa michezo si yao. Sisi tuliondoka na mpira wa pekee wa shule tukaupeleka katani, na kwa wiki tatu waliobaki hawakuwa na mpira. Hilo nalo tulilifanya bila kufikiri.

Tatizo hili si la Somanga peke yake. Huko Marekani, katika mji wa Williamsport, jimbo la Pennsylvania, bwana mmoja aitwaye Carl Stotz alianzisha mwaka 1939 ligi ya watoto ya besiboli, mchezo wa kuupiga mpira kwa gongo, ambao hata hapa Tanzania umeanza kuchezwa katika baadhi ya shule za sekondari. Ligi hiyo, Little League, ilienea duniani, na tangu 1947 ina mashindano makuu ya kila mwaka ya timu teule. Lililotuvutia sisi ni mpango wake. Watoto hucheza kwanza katika timu za kawaida za mtaani, ambamo kanuni humdai kocha amwingize kila mtoto mchezoni. Ndipo baadaye wachaguliwe wachache kwa ajili ya mashindano. Wingi hutangulia, uchache hufuata.

Majirani zetu wa Uganda wamepita katika njia hiyo, na kisa chao kina funzo jingine. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilishinda nafasi ya kwenda Williamsport, nayo ingekuwa ya kwanza kutoka Afrika. Haikwenda. Ilinyimwa viza kwa sababu ya kasoro katika hati za umri na kuzaliwa. Mwaka uliofuata timu nyingine ya Uganda, kutoka Lugazi, ilifika, na katika mashindano hayo iliwashinda watoto wa jimbo la Oregon kwa 3 kwa 2. Tazameni basi: jasho la mwaka mzima liliweza kuzuiwa na karatasi, kisha milango ikafunguka. Katika mashindano yetu wenyewe tunawajua mamluki, yaani watoto wasio wa shule wanaochezeshwa kwa majina ya wengine, na vijeba waliopita umri. Mwalimu amchezeshaye mamluki humnyang'anya nafasi mtoto halali, na huwafundisha kumi waliobaki kuwa udanganyifu una kombe. Andikisho la shule ndilo shahidi. Litunzwe kama lilivyo.

Kutokana na hayo, ndugu walimu tarajali, tunapenda kuwashauri mambo machache ambayo tungependa nasi tungeshauriwa.

Msichague timu kwa siku moja. Anzisheni kwanza michezo ya madarasa au ya vikosi, kila mtoto akiwamo, nanyi mwandike mnayoyaona kwa muda wa wiki kadhaa. Mtoto asiyekuwapo leo atakuwapo wiki ijayo, na daftari lenu litamkumbuka.

Kabla ya kupanga tarehe, waulizeni wenyeji. Kila mahali pana bamvua yake: kwingine ni msimu wa korosho au ufuta, kwingine ni siku ya gulio, kwingine ni zamu ya kuchunga. Mwulizeni pia mwalimu wa madrasa, na mzungumze na kina mama kuhusu mavazi ya stara ya wasichana kabla jambo hilo halijawa kizuizi.

Tajeni mapema mnachokitafuta, kisha baada ya kuchagua zungumzeni na kila mtoto aliyeachwa, ana kwa ana. Karatasi ya mlangoni haiwezi kujibu swali. Wapeni kazi ya kweli walioachwa: kupiga filimbi, kuandika magoli, kutunza muda. Mpira mmoja ukiondoka, mwingine ubaki, hata kama ni wa makuti. Na waliokwenda wakirudi, waagizeni kuwafundisha wenzao jambo moja walilojifunza. Hiyo ndiyo nauli yao.

Mwisho, mkikosea, badilini orodha. Heshima ya mwalimu haikai katika karatasi.

Tumeandika haya kwa kuwa miaka michache iliyopita, tukiwa njiani kwenda kukagua mazoezi ya kufundisha ya wanachuo wetu, basi lilisimama Somanga. Wauzaji walikuja madirishani na samaki wa kukaanga, madafu na pweza. Mmoja wao, mwanamke kijana mwenye sinia kichwani, alitutazama kwa muda, kisha akasema, "Shikamoo mwalimu." Tulimtambua kwa sauti. Tuliulizana hali ya nyumbani na kazi. Tulitaka kusema neno kuhusu ile Jumatatu, lakini dereva alikuwa amekwisha kuwasha gari, nasi hatukujua pa kuanzia. Yeye ndiye aliyesema. "Mdogo wangu yuko darasa la tano, na netiboli anaipenda. Mkichagua, mwalimu, msichague siku ya bamvua."

Tulimwahidi, ingawa hatufundishi tena katika shule ile. Ahadi hiyo sasa tunaikabidhi kwenu.