Pangani: Mji Usio na Haraka

Ndugu msomaji, wewe uamkaye kabla ya alfajiri kugombania basi, na usiku ukalala kwa makelele ya baa ya jirani, bila shaka umewahi kujiuliza: je, si ningestarehe zaidi katika mji mdogo ulio kimya? Swali hilo nililibeba nilipokwenda Pangani, kilometa 50 hivi kusini ya Tanga, kumchukua shangazi yangu aje akae nasi Dar es Salaam, maana miguu imeanza kumsumbua.

Mji huo upo pale ambapo Mto Pangani, baada ya safari ndefu kutoka Kilimanjaro na Meru, huingia baharini. Ng'ambo ni Bweni, na katikati kivuko huenda na kurudi. Alfajiri utasikia adhana, kisha majogoo, kisha fagio uani. Jioni wazee hucheza bao, na wavuvi huvuta ngalawa zao pwani.

Usidhani, hata hivyo, kuwa ukimya huo ni wa tangu kale. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliishia hapa. Mwaka 1888 wenyeji waliinuka kuwapinga Wajerumani, na Desemba 1889 kiongozi wao, Abushiri bin Salim, alinyongwa papa hapa Pangani. Mwaka 1893 mkonge wa kwanza nchini ulipandwa Kikogwe, karibu na mji. Nyuzi za viwandani zilipoenea ulimwenguni na bei ya mkonge kuanguka, kazi zilipungua, na vijana wengi wakashika njia ya Tanga na Dar es Salaam. Kwa hiyo ukimya tunaousifu sisi wageni, kwa sehemu, ni pengo la watu waliokwisha kuondoka. Mimi mwenyewe ni mmoja wao.

Kwa siku tatu nilizokaa, mlango wa shangazi haukufungwa mchana. Jirani alileta samaki; mtoto wa nyumba ya tatu alimchotea maji. Siku moja alipochelewa kufungua dirisha, watu wawili walikuja kupiga hodi. Lakini pia niliona, chini ya mto wake, cheti cha hospitali kinachomtaka aende Tanga kwa vipimo. Kilikuwa na miezi miwili. Nauli hakuwa nayo, na wa kumsindikiza hakuwapo.

Nilipomweleza shauri langu, alicheka.

"Mwanangu, huko kwenu nitaongea na nani? Mnatoka usiku, mnarudi usiku. Mtaniacha na kuta."

"Na hivyo vipimo, shangazi?"

Alinyamaza. Nami jibu la kuta sikuwa nalo.

Kesho yake tulikwenda Tanga pamoja. Tulikubaliana kwamba atabaki Pangani, nami nitapeleka nauli kila mwezi, na wanangu watakwenda kwake kila likizo wajue kuvuka mto.

Ndugu msomaji, iwapo nawe una mzee katika mji kama huo, usiridhike kwamba hewa ni safi na majirani ni wema. Aidha, usikimbilie kumhamisha. Kwanza nenda ukakae naye siku tatu, ukatazame kilicho chini ya mto wake.